Swali la choo ni swali la historia

Wiki iliyopita niliandamana na darasa la mwanangu hadi Gedi, magofu ya mji wa kale wa Waswahili karibu na Malindi. Tulipita kwenye kasri, tukaona msikiti mkuu, tukasimama mbele ya kaburi lile lenye tarehe: mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Watoto wote wakaandika 1399 kwenye madaftari. Ndipo mwanangu akanyoosha mkono. "Mwalimu, hawa watu walikuwa wakienda choo wapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akakunja uso. "Uliza maswali ya maana." Mkono ukashuka, na hadi tunapanda basi haukunyooshwa tena.

Hasira yangu haijaisha hadi leo. Mwalimu si mtu mbaya, na najua ana watoto wengi na mtihani unaomsubiri mlangoni. Lakini siku ile lilikuwa limeulizwa swali moja tu la historia, na ndilo alilolizima. Mengine yote yalikuwa kunakili.

Jibu lenyewe lilikuwa hatua chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama. Nyumba za mawe za Gedi zina vyoo vya shimo humo humo ndani, na mahali pa kuwekea mtungi wa maji ya kuchambia. Mtoto akioneshwa hilo shimo, mara moja mtu wa 1399 anapata mwili. Anaumwa tumbo usiku, anapapasa ukuta gizani, anahitaji maji. Kutoka hapo maswali yanafuatana yenyewe: maji yalichotwa kisima gani? Kisima na shimo la choo viliachana kwa umbali gani? Hayo ndiyo mambo ambayo wachimbaji wa mabaki huyatafuta kwa miaka. James Kirkman, aliyeanza kuchimba Gedi mwaka 1948, hakuzipa nyumba zile majina ya masultani. Zinaitwa kwa vitu vilivyokutwa ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mkasi! Kuna mtu aliukata uzi kwa mkasi ule, akauweka chini, na sisi tunapita tukitafuta mfalme.

Ningekuwa na nusu saa na watoto wale, ningewapeleka kwa maneno hadi Lamu, kwenye chumba cha kuogea cha nyumba ya zamani ya mawe. Humo kuna birika, tangi dogo la chokaa, na mtu huchota maji kwa kata. Maji yaliyotuama huzaa viluwiluwi vya mbu. Kila aliyewahi kuacha pipa wazi anajua. Basi wenye nyumba walitia samaki wadogo ndani ya birika ili wale viluwiluwi. Halafu linakuja jambo ambalo kila nikilifikiria nasisimka. Maji yakichotwa hadi yakaisha, samaki si watakufa? Kwa hiyo fundi alipojenga birika alizamisha bakuli la Kichina sakafuni mwake, likashikwa na chokaa. Birika likikauka, bakuli linabaki na maji yake, na samaki wanajikusanya humo kungoja mitungi ya kesho.

Sisemi walijua kwamba mbu huleta malaria. Hilo daktari Ronald Ross alianza kulithibitisha India mwaka 1897. Huenda walichukia tu kuona vidudu vikichezacheza katika maji ya kuogea. Lakini kulikuwa na mtu aliyechuchumaa kando ya birika, akatazama, akajiuliza swali dogo kama la mwanangu, kisha akalijibu kwa bakuli. Huyo ni mvumbuzi. Jina lake halimo katika daftari lolote la gredi ya tano.

Au chukua vyumba vyenyewe. Kila anayeingia nyumba hizi hushangaa kwa nini ni virefu na vyembamba kama ushoroba, hata kwa matajiri. Sababu ni boriti. Dari ya mawe na chokaa ni nzito, na mti wa mkoko ukivuka mita tatu hivi hauwezi kuibeba. Ukubwa wa sebule ya tajiri uliamuliwa na mti wa matopeni. Mtoto akilielewa hilo, halimtoki.

Tarehe nazikubali, zina kazi yake. Bila 1399 tusingejua tumesimama wapi. Ila tarehe ni msumari, na msumari mtupu ukutani hauna nguo.

Darasa lilipotangulia kwenye basi nilimshika mwanangu mkono tukarudi. Nikamwonesha shimo. Alichuchumaa ukingoni, akatazama chini muda mrefu, bila kucheka. Nikamsimulia na habari ya birika na wale samaki. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, na hayo maji ya kujaza birika, nani alikuwa akiyabeba?"

Nilikuwa nimesifia bakuli kwa dakika kumi bila kumtaja aliyebeba mtungi. Nikamwambia kweli: katika nyumba kubwa za Lamu walikuwa watumwa, na wengi waliletwa kutoka bara, mbali na kwao. Akaniuliza walilala chumba kipi. Basi lilikuwa linapiga honi. Tukakaa.