Rangi kwanza, michoro baadaye

Mwaka wa pili chuoni nilikula sapu ya kemia ya inoganiki, yaani kurudia mtihani, na niliistahili. Desa lote, yaani notisi, nilikuwa nimelikariri. Ungeniamsha usiku wa manane ningekuchorea obitali za d, vyumba vya elektroni ndani ya atomu, zikigawanyika, mbili juu, tatu chini, na delta, pengo lililo kati yake, pembeni. Mtihani ukauliza tu: kwa nini mrututu, yaani salfeti ya shaba, una rangi ya buluu? Nikajaza nusu ukurasa, jibu halimo.

Mrututu wenyewe nimeukuta nyumbani, wa kupulizia kahawa!

Nilielewa likizoni, fundi wa maabara aliponiachia chenga chache nizichome. Buluu ilififia kuanzia chini, matone ya maji yakajikusanya mdomoni mwa testi tyubu, ikabaki poda nyeupe kama unga wa muhogo. Nikadondoshea maji, buluu ikarudi. Nikatia amonia: kwanza ikaganda mashapo ya buluu mpauko, nikaongeza, yakayeyuka na kuwa buluu nzito ya wino. Shaba ni ileile, waliobadilika ni majirani zake. Maji yakiizunguka, yanazitenganisha obitali zake, na pengo linalopatikana linameza mwanga mwekundu, jicho likabakiwa na buluu. Yakiondoka, salfeti iliyobaki haina ubavu huo. Pengo linasinyaa, mwanga unaoonekana unapita wote. Amonia inalitanua. Delta ndiyo hiyo.

Wahadhiri wetu huanza na michoro, maabara inafuata baadaye sana, watu kumi mnagombea bureti moja. Mimi naona tunakwenda kinyumenyume. Mkemia Alfred Werner alitoa nadharia yake ya jinsi metali inavyozungukwa na majirani mwaka 1893, elektroni yenyewe ikagunduliwa 1897. Hakuwa na obitali za kuchora. Alikuwa na chumvi za kobalti na amonia, ya njano, ya zambarau, ya kijani, na alihesabu ni klorini ngapi zinanaswa na nitrati ya fedha: tatu, mbili, moja. Kwa hesabu hiyo akajua zipi zimeshikamana na kobalti na zipi ziko huru kunaswa. Nobel alipewa 1913. Mwanafunzi anaweza kuipita njia hiyo kwa mchana mmoja.

Hata mfano wa kwetu tunao. Tanzanaiti ya Mererani huwa buluu kwa sababu ya vanadi kidogo iliyojipenyeza kwenye jiwe, na mengi hutoka ardhini yakiwa kahawia mpaka yachomwe. Vanadi tulifundishwa, namba zake zote za oksidesheni. Mererani haikutajwa hata siku moja.