Kupunguza Tumbo Bila Kisu: Nani Anafaa Kuitikia Tangazo?

Mtu wa Nairobi akifungua simu siku hizi hakosi kukutana na tangazo la kupunguza tumbo bila kisu: picha ya kabla, picha ya baada, na namba ya WhatsApp chini. Huduma yenyewe si uganga wala chai ya majani. Daktari hupitisha mrija wenye kamera mdomoni hadi tumboni, kisha ama huacha puto humo, ama hushona ukuta wa tumbo kutoka ndani hadi lijikunje na kuwa jembamba. Ngozi haiguswi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwamba inafanya kazi sina ubishi. Ninachotilia shaka ni kama wanaolipia ndio hasa inaowafaa.

Tuanze na kushona, maana ndiko kwenye ushahidi mzito. Utafiti wa MERIT, uliochapishwa mwaka 2022, ulifuatilia watu 209 katika vituo 9 vya Marekani, wote wakiwa na BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya kati ya 30 na 40. Baada ya mwaka mmoja, walioshonwa walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 13.6 ya uzito wao. Waliopewa mwongozo wa mlo na mazoezi peke yake walipoteza asilimia 0.8. Madhara makubwa yaliwapata asilimia 2 ya walioshonwa, na hakuna aliyefariki.

Hiyo 0.8 ningependa waione wale wanaosema unene ni uvivu tu, mtu aamke akimbie msitu wa Karura. Waliopewa mwongozo huo walikuwa na wataalamu wa kuwashika mkono, na bado mizani haikusogea. Mwili ukianza kupungua hujitetea: homoni ya njaa hupanda, na nguvu inayotumika hupungua. Sasa mchukue mama anayetoka Kayole kabla ya jua kuchomoza, akae kwenye matatu, akae kazini kutwa, arudi usiku amenunua chipsi njiani kwa sababu jiko limeshalala. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye umri wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Karibu nusu ya wanawake wa nchi nzima hawawezi kuwa wavivu kwa mpigo.

Puto ni habari nyingine. Ni mfuko laini wa silikoni unaojazwa maji ya chumvi, mililita 400 hadi 700, na mara nyingi maji hayo hutiwa rangi ya buluu ili puto likivuja mgonjwa aone mkojo umebadilika rangi. Siku tatu za kwanza ni kichefuchefu na kutapika. Wapo wanaorudi kuomba litolewe kabla hata ya wiki kuisha. Aina iliyozoeleka hukaa miezi 6, kisha hutolewa kwa njia ile ile ya mdomo. Uzito hupungua kwa kama asilimia 10, na sehemu yake hurudi puto likishatoka. Hatari ni ndogo lakini ipo: mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vifo 5 vya watu waliokuwa na maputo ya maji, ingawa haikuthibitika kwamba puto ndilo chanzo. Kwa bibi harusi anayetaka kuingia kwenye gauni ifikapo Desemba, naona ni laki kadhaa zilizotupwa. Kwa mgonjwa anayehitaji kupungua kwanza ndipo afanyiwe upasuaji wa goti, ni jambo la busara.

Kosa la upande wa pili huumiza zaidi. Mtu mwenye BMI ya 45 na kisukari anakimbilia mrija kwa kuogopa kisu, ilhali upasuaji wa kupunguza tumbo siku hizi hufanywa kupitia vitundu vidogo, hupunguza robo ya uzito au zaidi, na mara nyingi sukari hushuka hadi dawa zikapunguzwa. Hofu hiyo naielewa. Kifo cha mwanamke mmoja baada ya kunyonywa mafuta katika kliniki ya urembo hapa Nairobi mwaka 2024 kiliwatia watu baridi. Lakini kunyonya mafuta ni urembo. Hakutibu unene, na hakufai kutiwa kapu moja na upasuaji wa tumbo.

Halafu kuna sindano za kila wiki za kupunguza uzito. Mojawapo, semaglutide, ilipunguza takriban asilimia 15 ya uzito ndani ya wiki 68, lakini walioiacha walirudisha theluthi mbili ya walichopoteza ndani ya mwaka. Anayelipa kutoka mfukoni kila mwezi, bila bima, hapo ndipo kushona kunapoanza kuwa na hoja nzuri, maana analipa mara moja.

Analipa mara moja akifuatiliwa, lakini. Aliyeshonwa huanza na vinywaji tu, supu iliyochujwa na uji mwepesi, kwa wiki kadhaa kabla ya kugusa ugali. Tena kuna jambo ambalo halipati nafasi kwenye tangazo: Brufen na diclofenac, dawa za maumivu ambazo hapa mtu huagiza dukani kama anavyoagiza maziwa, zinaweza kumletea vidonda vya tumbo. Nani atamwambia, miezi mitatu baadaye, mgongo ukimuuma? Kifurushi kisicho na mtaalamu wa lishe kwa mwaka mzima, wala namba ya daktari inayopokelewa saa nane za usiku mtu akitapika, mimi nisingekilipia hata kikiwa nusu bei.