"Hapa alie"

Ni maneno mawili tu, yameandikwa kwa wino mwekundu pembeni mwa ukurasa wa 71: "Hapa alie."

Skripti si yangu. Ni ya dada mmoja ambaye nimekuwa nikimsomea rasimu zake kwa miaka miwili sasa. Aliipeleka kwa watu wanaotoa fedha za kutengeneza filamu, wakakaa nayo miezi minne, wakairudisha na maoni. Mengi ya maoni yale yana maana na nilimshauri ayafuate. Hili la ukurasa wa 71 ndilo lililoninyima usingizi.

Onyesho lenyewe liko hivi. Korido ya hospitali, usiku. Kijana amechutama ukutani kwa sababu soketi iko chini na waya wa chaja ni mfupi. Anachaji simu ya kaka yake aliyelazwa. Simu hiyo tunaijua tangu ukurasa wa 6: betri imechoka, inazimika katikati ya maongezi, na kaka mtu ana kawaida ya kumtupia mdogo wake akisema, "Niwekee chaji, kuna mtu nataka kumpigia." Mlango unafunguliwa. Muuguzi anatoka, anasimama, anasema, "Pole sana." Kijana anamtazama, kisha anaitazama simu. "Imefika themanini," anasema. "Bado kidogo tu ijae." Hachomoi waya.

Basi, onyesho limekwisha hapo. Mara ya kwanza nilipolisoma niliweka karatasi mezani nikatoka nje, nikasimama huko kwa muda.

Mwandishi alitii yale maneno mekundu, maana anayetoa fedha husikilizwa. Toleo jipya likaja: kijana anaangusha simu, anapiga magoti, anapiga ukuta ngumi, analia "Kwa nini, Mungu wangu, kwa nini?" kwa nusu ukurasa mzima. Nikalisoma hadi mwisho macho makavu. Kifo ni kilekile, kijana ni yuleyule, na msomaji ni mimi yuleyule niliyeshindwa kukaa kitini wiki chache kabla.

Nina hasira na wazo lililo nyuma ya maneno yale mawili, kwa sababu nimelikuta kila mahali ninakosoma skripti. Watu wanaamini kwamba mhusika akilia mtazamaji atalia, kama vile mtu mmoja akipiga miayo na wenzake wanafuata. Huzuni haiendi hivyo. Kulia ni kutua mzigo. Mhusika akishautua chini mbele yetu, sisi tuliokaa gizani tunabaki mikono mitupu, tunamtazama anavyotulia. Lakini mtu anayejikaza bado amebeba, tunaona shingo inavyotetemeka, na hakuna wa kumpokea ila sisi.

Msibani kila mtu ameliona hili. Aliyegaagaa chini anakutia huruma, ndiyo. Anayekuvunja ni yule anayezunguka akihesabu viti, anayeuliza kama wageni wamepata maji, anayesema "niko sawa, niko sawa" kabla hata hujamuuliza.

Baba yangu alipofariki nilipokea habari kwa simu, nikasema asante, nikakata. Sikulia siku ile wala siku ya kumzika. Wiki tatu baadaye nilikuwa napanga vitu vyake nikakuta viatu vyake vya kazini. Kimoja kilikuwa na kamba nyeusi, kingine kamba ya kahawia. Nilikuwa nimemcheka kwa kamba zile, nikamwambia nitamnunulia nyingine, na sikununua. Nilikaa sakafuni na kile kiatu chenye kamba ya kahawia hadi giza likaingia. Leo mtu akiniambia niandike kifo cha baba, sitaandika ile simu wala kaburi. Nitaandika mtu anayefungua kamba ya kiatu asichokivaa, tena nitahakikisha umeziona kamba zile mapema, kwenye onyesho la kuchekesha, ukacheka pamoja nami.

Hapo kwenye "mapema" ndipo kazi yote ilipo, na ndipo waandishi wengi wanapokimbia. Kwa hesabu ya kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya filamu. Mwezi uliopita nimesoma skripti ambamo mama anafariki ukurasa wa 4. Dakika nne! Sijui anapenda nini, sijui anaogopa nini, sijui hata anavyofunga mlango. Nimeambiwa ni mama na nimeambiwa amekufa, halafu natakiwa nilie. Mwandishi anakopa huzuni kwenye neno "mama" lenyewe, akitegemea nitamkumbuka wangu. Pengine nitamkumbuka kweli. Lakini chozi hilo litakuwa la mama yangu, na hadithi yake haitakuwa imelifanyia kazi yoyote.

Simu ya ukurasa wa 71 ina uzito kwa sababu ya kurasa 65 zilizoitangulia. Imetuudhi, imetuchekesha, kuna mahali imezimika kaka akiwa katikati ya kuomba msamaha. Inapofika ile korido sisi tunajua ilikuwa ichajiwe kwa ajili ya nani, na tunajua kwamba maadamu waya uko ukutani, kwa huyu kijana kaka bado ana mtu wa kumpigia. Hakuna aliyetuambia hayo. Tumeyaunganisha wenyewe, na kile ambacho mtu amekiunganisha mwenyewe hawezi kukaa mbali nacho.

Sinema imelijua hili zamani. Urusi, baada ya mapinduzi ya 1917, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso uliotulia usio na lolote, akaiunganisha na picha nyingine: sahani ya supu, kisha mtoto ndani ya jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa namna alivyoonyesha njaa, na kwa namna alivyoonyesha majonzi. Uso ulikuwa uleule. Njaa na majonzi vilitoka kwao. Tangu wakati huo zimepita takriban miaka 100, na bado tunaandika "uso wake umejaa huzuni isiyoelezeka" kana kwamba mtazamaji amekuja bila moyo wake.

Nakubali, japo kwa shingo upande, kwamba wapo wahusika wanaolia na sisi tukalia nao. Filamu ya Vittorio De Sica ya 1948, ile ya baba aliyeibiwa baiskeli katika Roma ya baada ya vita, inaishia kwa baba mwenye machozi usoni. Lakini angalia yaliyotangulia machozi yale. Mke amevua mashuka kitandani yakawekwa rehani ili baiskeli ikombolewe, maana bila baiskeli hakuna kazi. Imeibiwa siku ya kwanza tu ya kazi hiyo. Baba na mwana wameitafuta mji mzima. Mwishowe baba anajaribu kuiba baiskeli ya mtu mwingine, anakamatwa, anazabwa makofi, na mwanawe mdogo yuko pale anaona yote. Mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto, anamwachia baba. Wanatembea katikati ya umati, mtoto anampa baba mkono. Yale machozi hata hapo baba anapigana nayo. Kinachotukaba koo ni ule mkono wa mtoto, wa mtu aliyeona aibu ya baba yake na bado akamshika.

Hili nalo lisisahauliwe: mhusika lazima atake kitu. Asiyetaka kitu hawezi kukosa kitu. Kuhusu "muziki wa huzuni unapigwa" kwenye skripti, futa. Muziki una mwenyewe na atakuja wakati wake. Na "moyo wake unavunjika" hakuna kamera inayoweza kuupiga picha. Andika mkono unafanya nini.

Nimeshaambiwa na watu ninaowaheshimu kwamba watazamaji wa sasa hawana subira, wana simu mkononi, lazima uwagonge kwa nguvu. Siamini. Nimekaa katika kumbi za sinema za kutosha. Watu huchukua simu pale kelele zinapozidi, kwa sababu kelele zinawaambia kwamba kila kitu kimeshasemwa na wao hawahitajiki. Ukiona ukumbi mzima umetulia, hata anayekohoa anajizuia, mara nyingi kwenye skrini kuna mtu anayetaka kusema jambo na hasemi.

Ninapoandika kwamba tunawadharau watazamaji ninamaanisha hivyo hasa. Mtu ametoka nyumbani na msiba wake anaoujua yeye, ameingia gizani, amekaa. Ana kila kitu kinachohitajika ili alie. Anachokosa ni nafasi, nasi tunaijaza nafasi hiyo kwa kilio chetu.

Nilimpigia yule dada nikamwambia arudishe onyesho la kwanza na aende akalitetee mezani kwa wale watu. Nilijitolea kwenda naye. Alinyamaza kidogo, akasema, "Kaka, wakikataa je?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia tu kwamba onyesho lile likipotea, mimi nitalikosa.

Jana usiku amenitumia ukurasa wa 71 upya. Kilio hakimo. Hata ile "Pole sana" ya muuguzi ameifuta. Mlango unafunguliwa, muuguzi anasimama mlangoni, hasemi kitu. Kijana anainama kuitazama simu.

"Imefika themanini."