Kalori 500 zisizopita kwenye utashi

"Kula kidogo, tembea sana," huambiwa anayetaka kupunguza uzito. Kihesabu ushauri huu ni sahihi, maana hakuna anayenenepa kwa hewa. Tatizo ni kudhani kwamba daftari la hesabu analishika mwenye mwili.

Linashikwa na haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo upande wa chini wa ubongo. Humo seli za neva za aina iitwayo AgRP huamsha njaa, na za aina iitwayo POMC huituliza. Leptini, homoni inayotolewa na mafuta ya mwili, huzipa habari za akiba. Utumbo nao hupeleka taarifa za mlo kupitia neva ya vagasi, inayouunganisha na ubongo. Akiba ikipungua leptini hushuka, njaa hupanda, na mwili hubana matumizi.

Hubana kiasi gani? Mwaka 2016 kundi la mtafiti Kevin Hall, Marekani, lilitoa vipimo vya watu 14 waliowahi kushiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito. Walikuwa wamepunguza wastani wa kilo 58. Miaka sita baadaye kilo 41 zilikuwa zimesharudi, na bado miili yao ikiwa imepumzika ilitumia takribani kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa umbo na umri wao. Hizo ni gramu 140 hivi za unga wa sembe, yaani sahani ya ugali, kila siku ya Mungu. Mlo unaomtosha jirani wa uzito uleule, wao unawanenepesha.

Wanaotetea nidhamu wana hoja: watu 14 ni wachache, walipungua kwa kasi isiyo ya kawaida, na waliozidisha mazoezi baadaye ndio waliohimili zaidi. Tena unene umeenea ndani ya miongo michache, muda ambao jeni haziwezi kubadilika. Kweli, kilichobadilika ni chakula. Lakini chakula nacho hupitia kwenye ubongo uleule. Mwaka 2019 Hall aliwapa watu 20 vyakula vilivyosindikwa sana kwa wiki mbili na visivyosindikwa kwa wiki mbili nyingine, kila mlo ukiandaliwa kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi zinazolingana, kila mtu ale atakavyo. Kwa vile vya kiwandani walikula haraka zaidi, wakazidisha kalori 500 hivi kwa siku (namba ileile!), ingawa hawakuviona vitamu kuliko vingine.

Semaglutide, sindano ya kila wiki inayoiga homoni ya shibe ya utumbo, ilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito wa waliodungwa kwa wiki 68. Haimfundishi mtu nidhamu yoyote. Walioiacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya uzito uliopungua ilirudi.