Nusu Uniti ya Nairobi Si Dhuluma

Rafiki zangu waliofunga paneli za sola Lang'ata na South B hulalamika kwamba kanuni za mwaka 2024, zilizotungwa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, zinamhesabia mwenye nyumba nusu tu ya uniti anazoingiza kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, ilhali mimi huku Rotterdam nahesabiwa uniti kwa uniti. Wananionea gere bure. Utaratibu huo wa Uholanzi, ulioanza 2004, unakomeshwa tarehe 1 Januari 2027, kwa kuwa mchana wa kiangazi mapaa yote humimina umeme kwa pamoja, saa ambayo wanaouhitaji ni wachache, na gharama yake huwaangukia wasio na paneli. Kampuni kadhaa za umeme hazikungoja hata tarehe hiyo. Zimeshaanza kututoza ada kwa umeme tunaourudisha. Nairobi, ambako wapangaji wa maghorofa ni wengi kuliko wenye paa lao, mzigo kama huo ungekuwa mzito zaidi.

Kwa hiyo nusu inayodumu naiona bora kuliko nzima inayofutwa. Mwenye nyumba anayeshinda kazini, mita yake ikipeleka nje uniti 6, huhesabiwa 3 za kuwashia taa na shawa ya umeme jioni, bila kugharimia betri kubwa. Tena ana neema niliyoikosa, kwani mchana wa Nairobi huwa wa takriban saa 12 mwaka mzima, nami Desemba napata mwanga wa saa 8 hivi, tena chini ya mawingu. Mimi naitegemea gridi inivushie umeme wa Julai hadi Januari. Yeye anataka tu wa mchana ufike usiku. Na akipiga pasi, akifua na kupandisha maji kwenye tangi adhuhuri, uniti hizo hazikatwi nusu, kwa kuwa hazitoki nje ya nyumba.

Linalonitia wasiwasi ni kukatika kwa stima. Inveta ya gridi, kifaa kinachougeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, ikiwa haina betri hujizima umeme unapopotea, ili isimdhuru fundi aliye juu ya nguzo. Rotterdam hilo si neno. Nairobi mtu atakaa na jua la utosi na friji imezima. Fundi wa sola akikwambia kuhesabiwa huko uniti kumeondoa haja ya betri, usimsikilize. Afadhali upunguze paneli mbili kwenye bajeti, upate betri ndogo ya friji, taa na ruta.