Robusta iliyovaa suti

Jumamosi nilikuwa mkahawani Nairobi, mmoja wa ile ambayo bei ya kikombe kimoja inanunua kilo kadhaa za kahawa mbichi kwa mkulima. Kwenye rafu nikaona pakiti ya kahawa ya Ermera, Timor Mashariki, kule Asia ya Kusini-Mashariki. Kijana wa kaunta akacheka: "Dada, achana nayo hiyo. Timor ni robusta iliyovaa suti. Ndiyo iliyotuharibia kahawa na hiyo Ruiru 11 yenu."

Yenu! Robusta ni ile kahawa chungu ya bei ya chini, na Ruiru 11 ni aina ya mibuni tunayoipanda kwetu. Nikanunua pakiti nzima kwa hasira tu.

Kijana huyo hajaliona shati la baba yangu. Lilikuwa jeupe kabla ya dawa ya kopa. Kila msimu mzee alibeba pampu mgongoni akapulizia mibuni yake ya SL28, arabika ya zamani, akarudi na kola ya buluu, kucha za buluu, na deni dukani. Na bado, ukigeuza jani, ulikuta unga wa rangi ya chungwa unaoshika vidole kama binzari. Majani yakipukutika, matunda yanabaki juani kama yatima. Huo ndio ugonjwa wa kutu ya majani. Kutu hiyo ilionekana Ceylon mwaka 1869 ikaifagia kahawa ya huko. Ndiyo maana leo Sri Lanka tunaijua kwa chai.

Sasa sikilizeni. Arabika, ile kahawa inayosifiwa kwa ladha, ina kromosomu (nyuzi za urithi) 44, robusta 22, na kwa kawaida hazioani. Lakini miaka ya 1920, enzi za Wareno, kwenye shamba moja la Timor ukaonekana mti uliozaliwa na zote mbili, una kromosomu 44 kama arabika, na kutu hauijali. Hakuna mtaalamu aliyeupanga. Baadaye wataalamu wa Ureno wakauoza kwa Katura, aina moja ya arabika, ikapatikana Katimori, na Katimori ndiyo mama wa Ruiru 11 tuliyopewa mwaka 1985. Batian, aina nyingine ya Kenya, ina damu hiyo. Castillo ya Kolombia pia.

Baba aling'oa nusu ya SL28 zake, akapanda Ruiru 11. Ruiru 11 ni fupi, hekta inabeba miti 2,500 hivi pale ilipokuwa 1,330. Pampu sasa imetundikwa ghalani, kuku wanataga chini yake. Hiyo robusta iliyovaa suti ndiyo iliyonivalisha mimi sare ya shule.

Na walioutoa mti huo wamepata nini? Desemba 1975 Indonesia ikavamia, watu wapatao laki moja wakafa katika miaka ya ukaliaji ule, na biashara ya kahawa ikaangukia mikononi mwa kampuni ya watu wa jeshi. Uhuru ukaja 2002. Leo huko Ermera mingi ya mibuni ni mizee, mirefu, iko chini ya miti ya kivuli, na mavuno yake ni haba. Nusu ya dunia inapanda vitukuu vya mti wao, halafu kijana wa kaunta anawacheka.

Haya, nakubali, kwa shingo upande: kikombeni SL28 haina mpinzani. Na mbegu ya Ruiru 11 huchavushwa kwa mkono, kwa hiyo miche ni ya kusubiriwa kama mahari. Lakini mnaoiimba SL28 kama wimbo wa taifa, kumbukeni chimbuko lake ni Monduli, Tanganyika. Nayo ni mgeni tu aliyekaribishwa.

Ile pakiti nimeifungua jana. Ina utamu wa sukari guru na harufu ya udongo ulionyeshewa. Sitasema imeishinda ya kwetu Kirinyaga, nisije nikafukuzwa kwenye mazishi.

Nikampigia mzee, nikamsimulia kisa chote cha Timor, vita na mti. Miaka yote alidhani Ruiru 11 ilianzia Ruiru. Akanyamaza kidogo.

"Na huko kilo wanalipwa ngapi, mama?"