Mti wa Saba

Wiki iliyopita rafiki yangu, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, alinivuta pembeni kwa sauti ya mtu anayetaka kukopa. Hakutaka kukopa. Alichomoa mfukoni kichupa chenye picha ya simba, hakina jina la aliyekitengeneza, ndani kuna vidonge vya unga wa kijani. "Ndugu yangu, hii ni asili tupu, haina kemikali. Unameza, nusu saa tu, jogoo anapanda mtungi kama zamani." Nikamuuliza ni mti gani. Akasema ni miti saba. Ipi? "Miti saba," akarudia, kana kwamba idadi ndiyo jina.

Nilichemka. Huyu bwana ana ugonjwa wa moyo, na mfuko wa pili wa shati hilohilo una dawa ya kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana. Yaani mifuko miwili ya shati moja, na kati yake kuna kaburi.

Basi tuulizane. Mti gani unafanya kazi kwa nusu saa, kwa mtu wa miaka sitini na ushee, mara ya kwanza tu kuumeza, bila kukosea?

Mimi si adui wa mitishamba. Nimelelewa na mizizi, nimefukizwa, nimenyweshwa vitu vichungu ambavyo hadi leo sivijui. Na ninakiri, japo kwa shingo upande, kwamba yapo magome yenye kitu ndani yake. Yohimbe, mti wa misitu ya Kameruni na Gaboni, gome lake lina yohimbini, na madaktari wenyewe walikuwa wakiwaandikia wanaume yohimbini kabla vidonge vya kisasa havijaingia. Ila gome hilohilo hupandisha presha, huupeleka moyo mbio na kumjaza mtu wasiwasi, na wasiwasi ndio huo uliowalaza nusu ya majogoo tunaowazungumzia. Ginsengi, mzizi wa huko Asia, nayo imepimwa sana, na wataalamu waliojumlisha majaribio hayo walikuta tofauti ndogo mno, ya kutafuta kwa tochi. Mbigili inauzwa kwa maneno kwamba inapandisha homoni ya kiume. Wanaume walipopimwa damu, homoni ilikaa palepale.

Hiyo ndiyo mitishamba yenyewe ikisimama peke yake: ya polepole, dhaifu, leo ndiyo kesho siyo. Sasa hiki kichupa cha simba kisichokosea kimetoka wapi?

Kimetoka kiwandani. Sildenafili, ndiyo hiyo mnayoijua kama Viagra, ilikuwa inatafutwa iwe dawa ya kifua kubana, watafiti wakaona mambo mengine yakisimama, na mwaka 1998 ikaidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo nyingine. Tangu hapo wajanja wa dunia nzima wamegundua mapishi mepesi: chukua dawa hiyo au binamu yake tadalafili, isage, ichanganye na unga wa majani yoyote, bandika simba, andika "asili". Watafiti walipopitia orodha ya maonyo ya mamlaka ya dawa ya Marekani kati ya mwaka 2007 na 2016, walikuta bidhaa 776 za "virutubisho" zilizofichwa dawa ndani, na 353 kati yake zilikuwa za mambo ya chumbani. Kwa hiyo mti wa saba tumeshaujua. Una bomba la moshi na walinzi getini.

Mtu ataniambia, "Shida iko wapi, si bado inafanya kazi?" Shida ni kwamba daktari anapokuandikia dawa hiyo anakuuliza kwanza una dawa gani nyingine, na anajua anakupa miligramu ngapi. Kichupa hakikuulizi. Dawa ya kifua ya rafiki yangu huuongezea mwili nitriki oksidi, inayolegeza mishipa ya damu. Sildenafili huufanya ulegevu huo usiishe upesi. Ukikutanisha hizo mbili presha inaporomoka hadi chini, na mtu anaweza asiamke. Yeye angekufa akiamini amekunywa majani, na msibani watu wangesema ni moyo tu, alikuwa nao siku nyingi.

Na hapo ni kama muuzaji amekosea kidogo tu. Mwaka 2008 huko Singapore, ndani ya miezi mitano hivi, watu 150 wasio na kisukari walifikishwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya. Ilipochunguzwa, bidhaa za nguvu za kiume zilikutwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Saba hawakuzinduka kutoka kwenye kukosa fahamu, na wanne kati yao wakafariki. Watu walikwenda kutafuta raha ya usiku mmoja, jamani! Nani aliwachanganyia dawa ya kisukari kwenye nguvu za kiume, na alikuwa anafikiri nini? Ndiyo maana nikisikia "haina madhara, ni majani" mwili unanisisimka, na si kwa namna wanayoitangaza.

Kuna jambo moja zaidi linaloniuma kuhusu wanaume. Mishipa inayopeleka damu kule chini ni myembamba, milimita moja au mbili, wakati ile ya moyo ina tatu hadi nne. Ikianza kuziba, kule chini ndiko kunakolalamika kwanza, mara nyingi miaka miwili hadi mitano kabla ya moyo. Kisukari nacho kinapita njia hiyohiyo, kinaharibu mishipa na neva pamoja. Mwili umekutumia barua mapema, wewe unampa simba aichane.

Haya, na wanawake? Hapa soko limejaa unafiki. Angalia wanachouziwa: unga wa kubana, vipande vya kukausha, vitu vya kufukiza na kupachika. Niambie ni kipi kati ya hivyo kimetengenezwa kwa ajili ya raha ya mwanamke. Ngozi ya mle ndani ni laini, ukiikausha inachubuka, na michubuko ni mlango wa maambukizi. Mama aliyekoma hedhi, au anayenyonyesha, homoni ya estrojeni imeshuka, ndiyo maana ni mkavu na anaumia. Anahitaji vilainishi, au krimu ya estrojeni ikiwa daktari ameona inamfaa, halafu sisi tunamuuzia cha kumkausha zaidi! Mwingine hamu imekatika kwa sababu ya dawa za sonona. Mwingine kila tendo ni maumivu na hajawahi kuulizwa. Na mwingine, tusemane ukweli, hana ugonjwa wowote, ana mume wa dakika mbili asiyemuuliza chochote.

Ule mwaka 1998 wanaume walipopata kidonge chao, ndio daktari wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha na wenzake utafiti ulioonyesha kwamba kinembe ni kiungo kikubwa kuliko vitabu vya udaktari vilivyokuwa vinachora. Mwaka 1998! Watu walishafika mwezini na kurudi. Kidonge cha kwanza cha hamu kwa wanawake Marekani kiliidhinishwa mwaka 2015, na manufaa yake ni kiduchu. Kwa hiyo mwanamke anayekwenda kujaribu mizizi simcheki hata kidogo. Sayansi ilimkuta mlangoni ikampita.

Na sisemi hospitali ni peponi. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda na shida ya namna hii, nikaulizwa dirishani, "Shida yako nini?" kwa sauti iliyofika hadi mwisho wa foleni. Nikasema kichwa. Nikapewa dawa ya kichwa. Mganga wa mitishamba angalau anafunga mlango, anakukalisha, anakusikiliza lisaa lizima. Madaktari wangeiba hiyo dawa tu, ningewasamehe mengi.

Tuje kwa rafiki yangu. Sikumhubiria. Nilimwambia atoe vilivyomo mifukoni aviweke mezani, kichupa cha simba huku, dawa ya ulimi kule, halafu nikamweleza nilichowaeleza ninyi. Alikaa kimya muda mrefu. Akauliza, kwa sauti ndogo, kama ile juzi kizunguzungu kilichomwangusha bafuni kinaweza kuwa ni hicho. Nikamwambia nadhani anajua jibu. Nikamuuliza pia ni lini alipima sukari. Akaanza kuangalia dari.

Jana alinitumia ujumbe. Alikuwa amepimwa asubuhi kabla hajatia kitu tumboni: "Sukari 14. Daktari amenigombeza kama mtoto, ila amefunga mlango kwanza. Miti saba nimeirudisha kwa mwenyewe. Amegoma kurudisha hela, anasema niongeze dozi."